TAA NDOGO NYEKUNDU YALA MSHAHARA WETU

Ndugu wanachama na wafanyakazi wote wa Elburgon,

Katika toleo hili twataka kusema juu ya mwizi aliye ndani ya nyumba zetu. Havunji mlango wala hapandi ukuta. Amekaa mezani mbele yetu sote, na taa yake ndogo nyekundu yawaka usiku kucha. Mwizi huyu ni ile stima inayoliwa na vyombo ambavyo tumevizima kwa rimoti tukadhani vimelala.

Kila aliyefanya kazi ya mbao katika mji wetu analijua jambo hili hata kama hajaliita kwa jina. Msumeno ukiachwa uzunguke bila gogo, mota yala stima lakini hakuna ubao unaotoka. Msimamizi akiona hivyo hupiga kelele mara moja, maana anajua tajiri wake atalipa. Nyumbani hatuna msimamizi. Misumeno yetu midogo yazunguka bila gogo tangu saa nne ya usiku mpaka kesho yake jioni, na mwenye kulipa ni sisi.

Televisheni ikizimwa kwa rimoti haizimiki yote. Sehemu yake moja yabaki macho, ikingoja amri. Redio kubwa ya spika nayo yangoja. King'amuzi ndicho kibaya zaidi, kwa sababu baadhi ya ving'amuzi hula karibu sawasawa vikiwa vimezimwa kwa rimoti na vikiwa vyaonyesha picha. Tangu mwaka 2015, mitambo ya zamani ya televisheni ilipozimwa nchini na ya dijitali ikashika mahali pake, mwenye televisheni ya zamani hakuwa na njia ila kununua kisanduku hicho. Mwaka huo huo serikali ilishusha ada ya kuunganishiwa stima kutoka shilingi 35,000 hadi 15,000, na nyumba nyingi za watu wa mshahara mdogo zikaona taa kwa mara ya kwanza. Hayo yalikuwa maendeleo, nasi twayashukuru. Lakini tulifundishwa kununua tokeni tu. Hatukufundishwa vyombo vyala nini wakati sisi tumelala.

HESABU YENYEWE

Wengine watasema, "Taa ndogo kama ile itakula nini?" Swali ni zuri, nasi twalijibu kwa hesabu.

Chombo cha wati 1 kikiwaka saa 1,000 hula uniti moja. Sasa tuchukue nyumba ya mfanyakazi mwenye king'amuzi kinachokula wati 6 kikingoja, redio ya spika inayokula wati 5, na televisheni ya kisasa inayokula wati 1. Jumla ni wati 12. Vyombo hivi hutumiwa saa 4 kwa siku, na saa 20 zilizobaki vyangoja tu. Wati 12 kwa saa 20 kwa siku 30 ni uniti 7 na kidogo zaidi. Hizo ni uniti saba kila mwezi ambazo hazikumulika chumba, hazikupiga pasi shati la mtoto wa shule, wala hazikutuletea habari hata moja.

Hapa yatupasa kusema kweli pia juu ya chaja ya simu. Watu wengi huilaumu kwanza, lakini chaja nzuri isiyo na simu hula kidogo mno, hata isifike robo ya uniti kwa mwezi. Anayechomoa chaja na kuacha king'amuzi amemfukuza panya akamwacha fisi zizini.

MSTARI WA UNITI 30

Uniti saba peke yake ni hasara, lakini madhara makubwa yako mahali pengine. Twaomba kila mwanachama asome sehemu hii mara mbili.

Tangu Novemba 2018 mwenye kutumia stima kidogo aliwekewa bei nafuu, na mstari ulikuwa uniti 100 kwa mwezi. Aprili 2023 mstari ule ukashushwa mpaka uniti 30. Bei ya msingi iliyotangazwa wakati huo ilikuwa shilingi 12.22 kwa uniti kwa mtu asiyezidi uniti 30, na shilingi 16.30 kwa anayezidi 30 mpaka 100. Juu ya bei hiyo huja malipo ya mafuta na ya kubadilisha fedha za kigeni, ushuru wa stima ya vijijini asilimia 5, na VAT asilimia 16. Bei za namna hii hubadilishwa mara kwa mara, basi kila mtu aangalie risiti yake ya tokeni. Lakini fahamuni jinsi mstari unavyofanya kazi: ukiuvuka, bei ya juu hailipwi kwa zile uniti zilizozidi tu. Hulipwa kwa uniti zote, tangu ya kwanza.

Turudi kwa nyumba yetu. Tuseme taa, televisheni, redio na pasi vyahitaji uniti 26 kwa mwezi. Kwa bei ile ya Aprili 2023 hiyo ni shilingi 317.72 kabla ya kodi. Mtu huyu yuko chini ya mstari. Sasa ongeza zile uniti 7 za kungoja. Zinakuwa 33, na mstari umevukwa. Atalipa uniti 33 kwa shilingi 16.30, yaani shilingi 537.90. Tofauti ni shilingi 220. Katika hizo, shilingi kama 85 ndizo zilizoliwa na vyombo vyenyewe. Shilingi 135 zilizobaki ni adhabu ya kuvuka mstari, na amevushwa na vyombo alivyodhani amevizima.

Kwa mwaka mmoja ni zaidi ya shilingi 2,600 kabla ya kodi. Kwa mwenye kibarua cha siku, hasa tangu amri ya Februari 2018 ya kuzuia ukataji miti katika misitu ya serikali ilipozinyamazisha mashine nyingi za mbao, fedha hizo ni vitabu vya mtoto na viatu vyake.

Mwenye kutumia uniti 50 au 60 naye asidhani hayamhusu. Kwake hakuna mstari wa kurudi nyuma, lakini zile uniti 7 kwa shilingi 16.30 ni shilingi 114 kabla ya kodi, na kila mwezi zatoka bure.

NAMNA YA KUMKAMATA

Usituamini sisi, iamini mita yako. Usiku kabla ya kulala, zima taa zote, hata ya nje, na vyombo vyote vizime kwa rimoti kama desturi yako. Kama una friji hesabu hii haitatoka sawa, kwa maana friji ina kazi yake usiku na haifai kuzimwa. Andika kwenye karatasi uniti zilizobaki. Asubuhi, kabla ya kuwasha taa yo yote, soma tena. Ikiwa uniti zimepungua kwa sehemu moja ya kumi, ama karibu na hapo, basi nyumba yako yala wati 12 hivi ikiwa gizani.

Dawa yake haina gharama. Soketi nyingi za kwetu zina swichi ukutani, jambo ambalo nchi nyingi hazina. Zima hapo, taa nyekundu ife kabisa. Mwenye kutumia waya wa kuunganishia vyombo vingi anunue wenye swichi, auzime wote kwa kidole kimoja. Kuna faida ya pili pia. Stima ikipotea wakati wa mvua na ngurumo za Mau, mara nyingine hurudi kwa kishindo, na chombo kilichobaki kimeunganishwa huweza kuungua. Kilichozimwa ukutani kina salama zaidi.

Jueni pia kwamba bei ya nafuu hupimwa kwa wastani wa matumizi ya miezi mitatu. Ukianza usiku wa leo, usije ukakata tamaa mwezi ujao ukiona bei haijashuka. Endelea, na wafundishe watoto, maana wao ndio hushika rimoti kuliko sisi.

LAWAMA SI YETU PEKE YETU

Mpaka hapa tumesema na wafanyakazi wenzetu. Lakini Chama hakiwezi kumwambia mtu wa mshahara mdogo ajifunge mkanda kisha kinyamaze juu ya wengine. Mfanyakazi hakukiunda king'amuzi. Hakuna aliyemwambia dukani kwamba kitakula wati 6 au 10 kikiwa kimelala. Amenunua alichoweza kununua.

Na wenye viwanda vya vyombo hivi hawawezi kusema kwamba haiwezekani. Mwaka 1999 Shirika la Kimataifa la Nishati, lenye makao yake Paris, lilitoa shauri kwamba chombo kinachongoja kisile zaidi ya wati 1. Umoja wa Ulaya ulitunga kanuni mwaka 2008. Kuanzia mwaka 2010 vyombo vya nyumbani vilivyouzwa huko vilitakiwa visizidi wati 1 vikingoja, au wati 2 kama vyaonyesha saa, na kuanzia mwaka 2013 nusu ya hapo. Wauzaji hawakufilisika, na televisheni hazikukosekana madukani. Ilikuwa kazi ya kubadilisha kifaa kidogo ndani ya sanduku. Ikiwa mafundi waweza kumtengenezea mtu wa Ulaya chombo cha nusu wati, waweza kumtengenezea na mtu wa Elburgon.

Hapa Kenya tuna Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli, na kanuni za mwaka 2016 za kubandika alama ya matumizi ya stima zilianza na vyombo kama friji, mashine za kupoza hewa, mota na taa. Huo ulikuwa mwanzo mwema. Lakini wenye mashine za kupoza hewa katika baridi yetu ya Elburgon ni wangapi? Vyombo vya makabwela ni king'amuzi, redio na televisheni.

Liko na jambo la ploti, nalo ndilo chungu kuliko yote. Katika ploti nyingi vyumba vyatumia mita moja ya mwenye nyumba. Tuchukue vyumba sita, kila kimoja kikitumia uniti 20 tu. Kila mpangaji yuko chini kabisa ya mstari. Lakini mita yasoma uniti 120, na kwa mita hiyo hao wote ni mtu mmoja mwenye kutumia stima nyingi. Bei ya msingi ya wanaozidi uniti 100 ilitangazwa Aprili 2023 kuwa shilingi 20.97. Hivyo mpangaji wa chumba kimoja alilipa bei ya mwenye nyumba kubwa ya kifahari. Nafuu iliwekwa kwa ajili ya maskini, lakini yule aliye maskini zaidi haimfikii.

Kwa hiyo twasema haya, na twataka matawi yote yayazungumze mkutanoni:

Kwanza, king'amuzi, redio na televisheni vinavyouzwa nchini viandikwe juu ya sanduku, kwa Kiswahili, ni wati ngapi vyala vikingoja, na uwekwe mpaka usiovukwa.

Pili, kila mpangaji apate mita yake mwenyewe, au mita ya ploti ihesabiwe kwa idadi ya vyumba.

Tatu, mtu anayekaribia kuvuka uniti 30 aarifiwe kwa ujumbe wa simu mapema, kabla bei haijapanda.

Nne, mstari wa uniti 30 wenyewe utazamwe upya. Nyumba yenye taa nne, televisheni, redio na pasi si nyumba ya tajiri, nayo yaufikia mstari huo kwa urahisi.

Wapo watakaosema kwamba Chama kingeshughulika na mishahara na kuacha mambo ya rimoti. Twawajibu kwamba mishahara hatujaiacha wala hatutaiacha. Lakini ndugu, maji yakitiwa katika debe lenye tundu, mwenye debe hutiwa maji na asishibe. Nyongeza ya mshahara ya shilingi 220 ingetugharimu vikao vingapi na tajiri? Hii ya swichi twaweza kujipa wenyewe usiku huu bila kumwomba mtu.

Wala hatusemi kwamba taa hizi nyekundu ndizo zinazoleta giza nchini. Stima nyingi ya Kenya yatokana na mvuke wa Olkaria, katika kaunti yetu hii ya Nakuru, na usiku wa manane haja ya stima ni ndogo. Twasema juu ya mfuko wa mfanyakazi tu. Mvuke watoka katika ardhi tunayoikanyaga, na mshahara watoka katika jasho letu. Kabla ya kuruhusu cho chote kati ya hivyo kiliwe, yatupasa tujue kimeliwa na nani.

Pimeni mita zenu juma hili. Mwenye matokeo ayalete kwa mwakilishi wa tawi lake, aandike uniti za usiku na za asubuhi, na aseme kama mita ni yake au ni ya ploti. Tukiwa na karatasi mia mkononi tutakwenda kwa wakubwa na hesabu. Malalamiko matupu wameyazoea, lakini hesabu italazimu ijibiwe.

Umoja ni nguvu.