Kunawiri Kusiko Heri: Mbolea Inapoingia Kinamasini

MKULIMA yeyote wa nchi hii atakiri kwamba mbolea ni rafiki wa shamba. Imani hiyo ni ya kweli katika shamba la mahindi. Lakini ikihamishiwa kinamasini, hugeuka kuwa hatari kubwa.

Mashariki mwa jiji la Ottawa, nchini Kanada, kuna kinamasi kiitwacho Mer Bleue. Ardhi yake ni mboji, yaani mabaki ya mimea yaliyorundikana majini kwa maelfu ya miaka bila kuoza kabisa. Mjenzi wa mboji hiyo ni mmea mdogo, laini kama sifongo, uitwao sfagnamu. Hauna mizizi. Huishi kwa maji ya mvua, na hufyonza rutuba chache zilizomo kabla hazijavifikia vichaka vilivyo karibu. Ufukara huo wa ardhi ndio ngao yake.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, watafiti walianza kutia naitrojeni katika vipande vidogo vya kinamasi hicho, vingine vikiongezewa fosforasi na potasiamu. Kiwango cha juu cha naitrojeni kilikuwa gramu 6.4 kwa kila mita mraba kwa mwaka, sawa na kilo 64 kwa hekta. Kiasi hicho si kigeni kwa mkulima wa mahindi.

Matokeo yalikuwa yapi? Palipotiwa mbolea nyingi zaidi, vichaka vilirefuka na kusheheni majani. Sfagnamu, iliyokuwa ikiota juani, ilifunikwa na kivuli na majani yaliyopukutika, ikafifia. Miaka mitano ilipotimia, pale palipoonekana kunawiri kuliko kwingine, uwezo wa kinamasi wa kuvuta gesi ya kaboni kutoka hewani ulikuwa umepungua. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Jambo hili si dogo. Ardhi za mboji ni takriban asilimia 3 tu ya nchi kavu duniani, lakini zimehifadhi kaboni nyingi kuliko misitu yote ya ulimwengu. Sfagnamu ikitoweka, ghala hilo hukosa mlinzi.

Msomaji huenda akauliza: ni nani aendaye kumwaga mbolea kinamasini? Jibu ni kwamba hakuna haja ya kwenda. Moshi wa magari na viwanda, pamoja na amonia itokayo kwenye samadi na mbolea, hupaa hewani na kurudi na mvua. Mwenye kuchafua huwa mbali, tena hajui kwamba amechafua.

Hapa kwetu njia ni fupi zaidi. Kinamasi cha Ondiri, kule Kikuyu, ndicho chimbuko la Mto Nairobi, nacho kimezungukwa na mashamba na makazi. Mimea yake si ile ya Kanada, wala hatuwezi kudai kwamba yaliyotokea Mer Bleue yatatokea Ondiri hatua kwa hatua. Hata hivyo, kanuni haibadiliki: mbolea inayosombwa na mvua na maji taka yanayovuja hubadilisha mashindano baina ya mimea, na anayeshinda si lazima awe yule aliyekuwa akikitunza kinamasi.

Kanuni za kuhifadhi ardhi oevu tunazo tangu mwaka wa 2009. Kinachotakiwa ni utekelezaji: ukanda wa nyasi uachwe kati ya shamba na maji, maji taka yazuiwe, na wakaguzi wapime rutuba iliyomo majini badala ya kuridhika na rangi ya majani. Ofisa anayesimama ukingoni, akatazama kijani kibichi na kuandika kwamba mambo ni shwari, hajakagua kitu. Pengine kijani hicho ndicho ugonjwa wenyewe.