Mcheza Kwao Hutunzwa

Ndugu msomaji, hebu jiulize: ni bendi ngapi ulizozisikia redioni, na ni ngapi ulizoziona kwa macho yako zikipiga jukwaani? Wahenga walisema kusikia si kuona. Jumapili hii tuzungumze juu ya dansi tulizozihudhuria, na zile ambazo wazazi wetu walizihudhuria, kwa maana zimo ndani ya historia ya nyumba zetu kuliko tunavyodhani.

Tukumbuke kwanza hali ilivyokuwa. Katika miaka ya 1970 na 1980 nchi yetu haikuwa na kiwanda chake cha kufyatua santuri. Nyimbo zilirekodiwa Radio Tanzania Dar es Salaam, na santuri zikafyatuliwa Kenya, nchi ambayo mpaka wetu nayo ulifungwa mwaka 1977 hadi 1983. Tena santuri ndogo ilichukua dakika chache tu kila upande, hata nyimbo nyingi zikakatwa vipande viwili. Dansini hapakuwa na mkasi. Waimbaji walianza taratibu, wakasimulia kisa chao hadi mwisho; ndipo magitaa yakaanza kujibizana, tarumbeta na saksafoni zikaitikia, tumba ikachangamka, na hata mzee aliyeketi na soda yake akainuka. Sehemu hiyo iliendelea kadiri miguu ya watu ilivyotaka. Aliyekuwapo aliondoka na kitu ambacho redio haikuwa nacho.

Hapa Babati tunalielewa jambo hilo vizuri. Mji wetu uko njia panda: huku Arusha, huku Singida, kule Kondoa na Dodoma. Kabla ya kuwa makao makuu ya Mkoa wa Manyara, ulioundwa mwaka 2002, ulikuwa mji mdogo wa Mkoa wa Arusha, na barabara ya lami ya kutoka Dodoma ilizinduliwa mwaka 2018 tu. Bendi iliyopita hapa zamani ilifika na vumbi lake au matope yake. Wazee hunisimulia jinsi gari la matangazo lilivyozunguka mitaani tangu mchana, watoto wakilikimbilia, na jinsi jenereta ilipozimika usiku, magitaa yakanyamaza, lakini ngoma na sauti za waimbaji zikaendelea gizani bila mtu kutoka ukumbini.

Lakini kumbukumbu ina pande mbili, na ukurasa wa familia haufai kuficha upande wa pili. Mama mmoja, muuza samaki wa ziwani, alinieleza kwamba naye anazikumbuka dansi zile, ingawa hakuwahi kuingia hata moja. Alizisikilizia uani, mtoto mgongoni, huku mumewe akiwa ndani anamtunza mwimbaji kwa noti iliyokuwa ya unga. Muziki aliupenda, na nyimbo anazijua hadi leo. Kilichomchoma ni kwamba furaha ile ilikuwa ya mtu mmoja, na gharama ilikuwa ya nyumba nzima.

Na yule mwimbaji aliyetunzwa, hali yake ilikuwaje? Naye alikuwa mfanyakazi kama wewe. Chama cha wafanyakazi, NUTA, kilianzisha bendi yake mwaka 1964, na wanamuziki wakalipwa mshahara wa mwezi. Bendi hiyo ikaja kuitwa JUWATA, kisha OTTU, na hatimaye Msondo Ngoma. Mlimani Park ilianza mwaka 1978, ikaingia baadaye mikononi mwa Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam. Mshahara ulikuwa neema, lakini vyombo vilikuwa mali ya mwajiri. Mwanamuziki aliyehama, kama walivyohama baadhi ya waimbaji wa Mlimani Park mwaka 1985 kwenda International Orchestra Safari Sound, aliondoka na sauti yake na ufundi wa vidole vyake tu.

Hata sauti hiyo ina mwisho. Mbaraka Mwinshehe, aliyekwenda na Morogoro Jazz hadi maonyesho ya Osaka, Japani, mwaka 1970, alifariki kwa ajali ya gari nchini Kenya Januari 1979. Santuri zake zipo. Usiku aliopiga gitaa mbele ya watu umo vichwani mwa waliokuwapo, nao wanapungua. Mimi wa kizazi cha karibuni nilibahatika kumwona Muhidin Maalim Gurumo jukwaani kabla hajafariki mwaka 2014. Kilichonigusa kuliko yote ni watu wa rika la baba yangu na wa rika langu kuimba naye ubeti uleule, bila yeyote kumwuliza mwenzake maneno.

Sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 inailinda kazi iliyorekodiwa, nasi tuiheshimu. Lakini hakuna sheria iwezayo kumlisha mpiga tumba ambaye ukumbi wake ni mtupu, wala kumrudishia mama usiku aliobaki uani.

Basi, ndugu msomaji, mcheza kwao hutunzwa, lakini nyumbani ndiko kwa kuanzia. Bendi ikija mjini, pangeni bajeti mezani, baba na mama pamoja: unga kwanza, ada ya shule pili, kisha kiingilio cha wawili. Lipeni mlangoni bila kutafuta njia ya nyuma, kwa sababu kiingilio hicho ndicho ujira wa mtu. Pakiwa na onyesho la mchana, wachukueni na watoto. Na jioni ya leo muulizeni mzee aliye karibu nanyi ni bendi gani aliyoiona, wapi, na alikwenda na nani. Akinyamaza kwenye swali hilo la mwisho, msimharakishe.

Tukutane Jumapili ijayo.