TUZUNGUMZE: Njia ya katikati ni ya nani?

Mwezi huu tuzungumze habari ya barabara. Tutaanzia Masumbwe, tutakwenda Dar es Salaam, kisha tutarudi nyumbani.

Mzee mmoja wa Masumbwe alisafiri kwenda Dar es Salaam kumwona mwanawe. Alipita Kahama, Nzega, Singida, Dodoma na Morogoro. Safari hiyo ni ya zaidi ya kilomita 1,000. Akateremka kwenye stendi kuu ya Mbezi Luis. Hapo akapanda daladala kwenda mjini.

Daladala ilikwenda kidogo, ikasimama. Ikaenda tena, ikasimama tena. Jua lilikuwa kali, na watu walikuwa wamebanana. Mzee akachungulia dirishani. Akaona katikati ya barabara kuna njia mbili safi, hazina gari hata moja. Baada ya muda, basi refu likapita hapo kwa kasi, likapotea.

Aliporudi kijijini alituuliza hivi: "Wanangu, watu wa Dar es Salaam wana akili gani? Magari yamejazana pembeni kama dagaa kwenye gunia, na njia nzuri ya katikati wameiacha tupu!"

Swali la mzee ni zuri. Leo tulijibu.

JIJI LILIKUA HARAKA

Mwaka 1967 Dar es Salaam ilikuwa na watu karibu 273,000. Katika sensa ya mwaka 2012 walikuwa 4,364,541. Katika sensa ya mwaka 2022 walifika 5,383,728. Watu hawa wote wanataka kwenda kazini, sokoni, shuleni na hospitali.

Mwaka 1974 lilianzishwa shirika la mabasi la UDA. Lakini watu waliongezeka na mabasi hayakutosha. Mwaka 1983 Serikali iliruhusu watu binafsi kubeba abiria. Hayo ndiyo mabasi tunayoyaita daladala. Wengi husema kuwa jina hilo lilitokana na nauli ya siku zile. Nauli ilikuwa shilingi tano, na sarafu ya shilingi tano watu waliiita "dala".

Daladala zilisaidia sana. Lakini magari madogo nayo yakaongezeka. Barabara ya Morogoro ikajaa. Asubuhi mtu wa Kimara aliweza kukaa barabarani saa mbili au zaidi kabla ya kufika Kivukoni.

TUHESABU KWA PUNJE ZA MAHINDI

Ndugu msomaji, chukua punje 150 za mahindi. Kila punje ni mtu mmoja anayekwenda mjini.

Sasa wapange watu hao katika magari madogo, watu wawili kwa kila gari. Utapata magari 75. Gari moja, pamoja na nafasi inayoachwa mbele yake, huchukua kama mita 7 za barabara. Zidisha 75 kwa 7. Jibu ni mita 525. Huo ni urefu wa viwanja vitano vya mpira vilivyopangwa kwa mstari.

Kisha watie watu wale wale 150 katika basi moja refu. Basi hilo lina urefu wa mita 18. Liachie na nafasi ya mbele, halitazidi mita 25.

Umeona tofauti? Watu ni wale wale, lakini wanachukua nafasi ndogo sana. Kwa hiyo ile njia ya katikati si tupu. Basi moja likipita hapo, limepitisha watu wa magari 75. Anayehesabu magari ataona njia tupu. Anayehesabu watu ataona njia inayofanya kazi kubwa.

MWENDOKASI HUFANYAJE KAZI?

Wazo hili halikuanzia kwetu. Mji wa Curitiba, nchini Brazili, ulianza mwaka 1974 kuyapa mabasi njia yake yenyewe. Njia ya treni ya chini ya ardhi ingewagharimu fedha nyingi mno. Baadaye miji mingine ilifuata, kama Bogotá nchini Kolombia mwaka 2000, na Lagos nchini Nigeria mwaka 2008.

Hapa kwetu mradi huu unaitwa DART. Ujenzi wa awamu ya kwanza ulianza mwaka 2012, kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Njia hiyo ina urefu wa kilomita 21 hivi. Inatoka Kimara kwenda Kivukoni, na ina matawi ya kwenda Gerezani na Morocco. Mabasi yalianza kubeba abiria Mei 2016. Rais John Magufuli aliuzindua mradi Januari 2017. Wananchi wakayaita mabasi hayo "mwendokasi".

Mambo manne huyafanya mabasi haya yaende haraka.

Kwanza, yana njia yake. Magari mengine hayaruhusiwi kuingia humo.

Pili, abiria hulipa nauli kituoni kabla ya kupanda. Basi halisimami kumngoja mtu atafute chenji.

Tatu, sakafu ya kituo iko sawa na sakafu ya basi. Mzee, mama mwenye mtoto mgongoni, au mtu wa kiti cha magurudumu huingia bila kupanda ngazi.

Nne, kwenye vituo kuna nafasi ya kupishana. Basi lisilosimama kituo hicho hulipita lile lililosimama.

Safari ya Kimara hadi Kivukoni ikapungua, ikawa kama dakika 45. Mwaka 2016 nauli ya njia kuu ilikuwa shilingi 650. Mwenye gari la kifahari alikwama pembeni, na mama muuza samaki alipita katikati. Jiji la Dar es Salaam likapewa tuzo ya kimataifa ya usafiri ya mwaka 2018.

PALE MAMBO YALIPOKWAMA

Lakini tusisifu tu. Tuseme na kasoro.

Mpango wa awamu ya kwanza ulitaka mabasi 305. Kazi ilianza na mabasi 140. Abiria waliongezeka, na mabasi mengine yakaharibika. Foleni iliyotoka barabarani ikahamia vituoni. Watu walisimama muda mrefu wakingoja basi, na lilipofika waliingia kwa kusukumana. Mgonjwa na mama mjamzito waliumia zaidi.

Jambo la pili ni maji. Bonde la Jangwani hujaa mto Msimbazi unapofurika. Karakana ya mabasi ilijengwa bondeni humo. Mara nyingi mvua kubwa ilisimamisha safari, na mabasi yakaingiliwa na maji.

Jambo la tatu ni uharibifu. Oktoba 2025 njia ya pili, ya kwenda Mbagala, ilianza kubeba abiria. Mwishoni mwa mwezi huo huo, katika ghasia za wakati wa uchaguzi, vituo vya mwendokasi viliharibiwa na huduma ikasimama. Kituo kilichojengwa kwa miaka kinaweza kuteketea kwa saa moja. Kesho yake anayetembea kwa miguu ni mwananchi wa kawaida.

Basi tunajifunza nini? Barabara peke yake si usafiri. Barabara bila mabasi ya kutosha ni kama mashine ya kusaga isiyo na mafuta. Inapendeza kuitazama, lakini watoto watalala na njaa.

TURUDI MASUMBWE

Labda utasema: "Hayo ni ya Dar es Salaam. Yananihusu nini mimi mkulima wa mpunga?"

Yanakuhusu. Lami ya kutoka Kahama kwenda Lusahunga inapita Masumbwe. Malori ya mizigo ya Rwanda na Burundi hupita hapo usiku na mchana. Lakini simama kando ya barabara siku ya soko, uhesabu. Utaona malori machache na watu wengi. Wako wanaotembea kwa miguu, wenye baiskeli, wenye bodaboda, akina mama wenye mizigo kichwani, na watoto wa shule.

Je, watu hao wanapita wapi? Tukiweka meza za biashara, matofali na magunia pembeni mwa barabara, tunawasukuma watoto wetu waingie kwenye lami pamoja na malori. Tuache pembeni wazi. Hilo halihitaji mkopo wa Benki ya Dunia.

Na siku kijiji kinapokutana kuzungumza juu ya kisima, zahanati au barabara, usikae kimya. Simama uulize maswali mawili. La kwanza: Kitu hiki kitawafaa watu wangapi? La pili: Kikishajengwa, nani atakitunza, na kwa fedha zipi? Dar es Salaam walilijibu vizuri swali la kwanza. La pili limewasumbua hadi mabasi yakapungua.

Tulimweleza mzee wetu hesabu ile ya punje za mahindi. Alizitazama punje mezani kwa muda mrefu. Kisha akasema: "Sasa nimeelewa. Basi siku moja waje Masumbwe, watuhesabu na sisi tunaotembea kwa miguu."

MASWALI YA KUZUNGUMZA

1. Watu 90 wakipanda magari madogo, watu wawili kila gari, ni magari mangapi?
2. Kwa nini abiria wa mwendokasi hulipa kabla ya kupanda?
3. Katika kijiji chako kuna kitu gani cha watu wote? Nani anakitunza?

Msomee habari hii jirani asiyejua kusoma. Kisha mjibu maswali pamoja.