Dagaa huliwa mzima, apimwe mzima

Kandokando ya Ziwa Tanganyika hakuna kinu cha nyuklia. Mfanyabiashara anayepandisha magunia ya dagaa kutoka Kibirizi hadi masoko ya Kasulu na Kibondo hana sababu ya kuiogopa bidhaa yake. Lakini soko huvunjwa na uvumi, na dawa ya uvumi ni kipimo.

Baada ya ajali ya Fukushima, Japani, Machi 2011, wavuvi wa pwani ile walisimamisha kazi. Tangu Aprili 2012 nchi hiyo hairuhusu chakula cha kawaida chenye seziamu ya mionzi inayozidi bekereli 100 kwa kilo.

Samaki hupata vitu vya mionzi kwa njia mbili: maji na chakula. Wa baharini hunywa maji ya chumvi, na mengine hupita kwenye matamvua. Kisha mdogo huliwa na mkubwa, pamoja na alichobeba. Seziamu hufanana na potasiamu, hivyo huingia kwenye nyama. Strontiamu hufanana na kalsiamu, hivyo hukaa kwenye mifupa. Poloniamu, ambayo ipo kwa asili, hujikusanya zaidi tumboni. Katika maji baridi, ambayo potasiamu yake ni kidogo, samaki hushika seziamu zaidi kuliko wenzao wa baharini.

Kwa mlaji wa Kasulu, tofauti iko kwenye sahani. Mgebuka hutolewa matumbo na mifupa yake hutupwa. Dagaa huliwa na kichwa, mifupa na matumbo. Tena huuzwa mkavu: maji yakitoka, kilichomo hubaki katika uzito mdogo, na kipimo kwa kilo hupanda ingawa hakuna kilichoongezwa. Anayelinganisha dagaa mkavu na mbichi humponza muuzaji bure.

Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, iliyoundwa kwa Sheria Na. 7 ya mwaka 2003, hupima mionzi katika vyakula vinavyoingia na kutoka nchini. Ni vema dagaa wa Kigoma wakapimwa wazima, mara kwa mara, na matokeo yakabandikwa sokoni kwa Kiswahili, yakitaja kama ni wakavu au wabichi.

Wafanyabiashara nao watenganishe magunia ya mialo tofauti na kutunza risiti. Siku uvumi utakapofika, mwenye karatasi atauza kwa bei yake. Asiye nayo atarudi nyumbani na mzigo.