Diski Haijafa

Muhula huu palitokea ugomvi katika chumba chetu cha kompyuta hapa Munuki. Mwanafunzi wa zamani mmoja alituletea diski mpya. Tukaifunga katika kompyuta yetu ya Windows 7, nayo ikakataa katakata kuifomati. Mara wengine wakasema, "Ametutupia takataka." Mimi naona tulimkosea ndugu yetu.

Sokoni Konyokonyo nafaka hupimwa kwa malwa. Diski nayo ina kipimo chake, kiitwacho sekta. Kwa miaka mingi sekta ilikuwa baiti 512. Kisha watengenezaji wakaafikiana kwamba tangu Januari 2011 (mwezi ule ule wazee wetu walipopiga kura ya kujitenga) diski mpya za kompyuta za mezani na za mkononi ziwe na sekta za baiti 4,096, yaani nane za zamani katika moja. Nyingi zilifanywa zijibu kama za kale, ili mashine kuukuu zisishtuke. Hizo huitwa 512e. Zile zisizojificha huitwa 4Kn, na Windows 7 haizikubali. Diski yetu ni 4Kn. Tulipoifunga katika mashine yenye Windows 10, ilifomatiwa bila taabu.

Hata 512e yataka akili. Windows XP huanza kugawa diski kwenye sekta ya 63, na 63 haigawanyiki kwa nane. Basi fungu moja la maandishi huangukia sekta mbili kubwa, na diski hulazimika kusoma na kuandika mara mbili. Ndiyo sababu mashine yetu ya pembeni hujikokota, si uzee tu kama tulivyozoea kuisingizia. Dawa yake ni kuigawa diski katika mashine mpya zaidi, ianzie sekta ya 2048.

Nasema basi mtu asiifomati diski wala kuitupa kabla hajasoma karatasi iliyobandikwa juu yake, maana kufomati hufuta masomo ya wenzetu. Nanyi wakubwa zetu mliomaliza, kabla ya kununua tuulizeni kwanza tuna mashine gani.

Barua ya kumwomba radhi yule ndugu bado haijaandikwa. Nimejitolea kuiandika, lakini sitaki kutia sahihi peke yangu, kwani waliocheka siku ile tulikuwa wengi.