Picha ya ndege bila jina lake

Mwezi wa tisa, kabla mvua haijaanza, msitu wa miombo kandokando ya Lubumbashi huchipua majani mapya, mengine mekundu. Ni wakati mzuri wa kutembea porini na kupiga picha za ndege. Lakini kwetu sisi wa kitivo cha lugha, picha peke yake ni nusu ya kazi.

Tukumbuke tausi wa Kongo. Mwaka 1913, huko Ituri, Mmarekani James Chapin aliona unyoya wake kwenye kofia ya mwenyeji. Hakumtambua ndege huyo hadi 1936, alipokuta wawili waliokaushwa katika jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji, wameandikwa kuwa ni tausi wa Bara Hindi. Wenye msitu walikuwa wakimjua siku zote.

Jina hubeba ujuzi. Tamka polepole hondohondo, utasikia mlio wake. Picha haina mlio. Na majina mengi ya Kisanga na Kilamba yamo vichwani mwa wazee. Mzee akituaga, hakuna picha itakayoyarudisha.

Kwa hiyo napendekeza: kila picha iandamane na jina la kienyeji, sauti ya mzee akilitamka, na sababu ya ndege kuitwa hivyo. Atakayesema hiyo ni kazi ya watu wa biolojia, nitamwuliza: ngeli ya jina hilo na toni zake, nani ataziandika kama si sisi?