Mtoto akiwa na mzio, asiachishwe ziwa kwa haraka

Mtoto ana miezi miwili. Hajaonja maji wala uji, ananyonya tu kama mama alivyoelekezwa kliniki. Lakini kila baada ya kunyonya anajikunja na kulia, mashavu yamekauka na kutoka vipele, na asubuhi moja mama anapombadilisha nepi anakuta choo kina ute na michirizi ya damu.

Nyumbani maneno yanaanza. Mmoja anasema maziwa ya mama ni mabaya. Mwingine ananong'ona kuwa mtoto amebemendwa, na wazazi wote wawili wanaanza kutazamwa kwa jicho la lawama. Wa tatu anakuja na kopo la maziwa kutoka dukani, akishauri mtoto apumzishwe ziwa kwa muda.

Hapo ndipo kosa kubwa linapoweza kufanyika. Ikiwa kinachomsumbua mtoto ni mzio, maziwa mengi ya kopo yanatengenezwa kwa maziwa ya ng'ombe, na maziwa ya ng'ombe ndiyo chanzo kikubwa cha mzio wa chakula kwa watoto wachanga. Kilichokuwa kinamfikia kidogo kidogo kupitia kwa mama, sasa anapewa chupa nzima.

Mzio unampataje mtoto anayenyonya tu?

Mzio, au aleji kama wengi wanavyouita, hutokea pale kinga ya mwili inapoiona protini ya chakula kama adui na kuanza kupambana nayo. Mama anapokunywa chai ya maziwa au kula yai, sehemu ndogo sana ya protini za chakula hicho huingia kwenye maziwa yake. Watoto wengi haiwasumbui kabisa. Wachache miili yao huikataa.

Wachache hao si wengi kama inavyodhaniwa. Kwa watoto wanaonyonya maziwa ya mama pekee, makadirio ya wataalamu wa Ulaya ni watoto watano hivi kati ya 1,000 kwa mzio wa maziwa ya ng'ombe. Kwa hiyo kilio peke yake si ushahidi. Watoto wengi wenye afya njema hulia sana kufikia wiki ya sita, kisha hutulia wakifika miezi mitatu au minne, mama akiwa hajabadilisha chochote kwenye sahani yake.

Kinachotia shaka ni dalili kadhaa kwa pamoja: damu au ute kwenye choo, kutapika mara kwa mara, kuharisha kusikoisha, pumu ya ngozi isiyotulia kwa dawa, au uzito usiopanda kwenye kadi ya kliniki. Hata hivyo damu kwenye choo ina sababu nyingine pia, yakiwemo maambukizi na utumbo kujiingiza ndani yake, tatizo linalohitaji hospitali haraka. Mtoto mwenye damu kwenye choo aonwe na daktari kwanza, chakula cha mama kijadiliwe baadaye.

Mtoto akivimba midomo au uso, akipumua kwa shida au akalegea ghafla, hiyo ni dharura. Apelekwe hospitali wakati huohuo.

Kinaondolewa chakula kimoja

Mama mwenye hofu huanza kuacha kila kitu. Leo maharage, kesho mayai, keshokutwa samaki, mwisho anabaki na ugali na mchicha. Mtoto hapati nafuu, na mama anadhoofika wakati ambao mwili wake unahitaji takriban kilokalori 500 zaidi kwa siku ili kunyonyesha.

Utaratibu wa kitabibu ni tofauti. Daktari akishuku mzio, kwa kawaida huanza na maziwa ya ng'ombe peke yake. Mama huyaacha kabisa kwa wiki mbili hadi nne, huku akiendelea kunyonyesha. Dalili zisipobadilika baada ya muda huo, na kama kweli hakuteleza, maziwa si tatizo na anarudi kuyatumia. Daktari ataangalia sababu nyingine, au chakula kingine kama mayai au soya.

Mtoto akipata nafuu, bado kuna hatua ambayo familia nyingi huiruka: kuyarudisha. Mama anaanza tena kutumia maziwa kwa wiki moja hivi. Dalili zikirudi, mzio umethibitika. Zisiporudi, huenda mtoto alipona kwa sababu nyingine, na mama hana haja ya kujinyima kwa miezi. Hatua hii ifanyike kwa ushauri wa daktari, na isijaribiwe nyumbani kwa mtoto aliyewahi kuvimba au kupumua kwa shida.

Maziwa yaliyojificha

Kuacha maziwa si kuacha glasi tu. Mtindi, maziwa mgando, siagi, samli, jibini na aisikrimu vyote vimo. Kuchemsha maziwa au kuyagandisha hakuondoi tatizo. Maziwa ya mbuzi nayo si mbadala, kwa kuwa protini zake zinafanana sana na za ng'ombe.

Mengine huingia kimyakimya: maandazi yaliyokandwa kwa maziwa, keki, biskuti, chokoleti, na mtori wa mzazi uliotiwa maziwa au siagi kwa nia njema ya kumpa nguvu. Baadhi ya siagi za mimea za kopo pia zina maziwa ndani, hivyo ni muhimu kusoma maandishi kwenye pakiti. Anayepika nyumbani, awe dada, bibi au mama mkwe, aelezwe mapema na kwa upole, maana kijiko kimoja cha samli kwenye wali kinaweza kuvuruga jaribio zima.

Jambo jingine linalochanganya ni sukari ya maziwa, yaani laktosi. Hiyo hutengenezwa na titi lenyewe, mama awe amekunywa maziwa au la. Kuacha maziwa hakuipunguzi, na kutoivumilia si sawa na mzio.

Mama atakula nini?

Sahani yake inaweza kubaki imejaa. Nyama, kuku, samaki, mayai, maharage, kunde, karanga, ndizi, viazi, mboga za majani na matunda vinabaki, ili mradi daktari hajavitaja. Maharage na kabichi husingiziwa sana kwamba vinamjazia mtoto gesi, lakini si sababu ya kuviacha bila ushauri.

Kinachohitaji kufidiwa zaidi ni kalisi. Dagaa wanaoliwa na mifupa yao, uji wa ulezi, ufuta na sukuma wiki husaidia. Kwa mama anayeacha maziwa kwa muda mrefu, daktari anaweza kumwandikia vidonge vya kalisi na vitamini D. Lengo la kawaida ni miligramu 1,000 za kalisi kwa siku.

Chai inaweza kuwa ya rangi yenye tangawizi, na mtori ukaungwa kwa nazi.

Itaendelea hadi lini?

Mzio ukithibitika, maziwa huachwa kwa angalau miezi sita, au hadi mtoto afikishe miezi tisa hadi 12, kisha daktari huangalia upya. Watoto wengi huuacha mzio huu wakiwa bado wadogo, kabla ya kuanza shule.

Mtoto akitimiza miezi sita na kuanza vyakula vingine, uji wake usiungwe kwa maziwa. Uungwe kwa karanga zilizosagwa laini. Mayai na karanga visicheleweshwe kwa woga tu, isipokuwa daktari amesema hivyo. Kunyonya kunaendelea kama Shirika la Afya Duniani linavyoshauri, hadi miaka miwili na zaidi.

Kabla ya kwenda kliniki, mama aandike kwenye daftari au kwenye simu kwa siku chache: amekula nini, saa ngapi, na mtoto alionyesha dalili gani. Abebe na kadi ya mtoto. Ikiwezekana, baba aende naye. Akisikia mwenyewe kutoka kwa daktari kwamba maziwa ya mkewe hayana ubaya wowote, atakuwa na jibu la kuwapa wanaonong'ona nyumbani.